Nilinunua hisa mara 11, nikapoteza laki 4 na 60: hivi ndivyo nilivyosafisha ishara zangu za kununua na kuuza

Leo siongelei mikoba wala namna ya kupiga picha za bidhaa. Naongelea hisa, kwa sababu kila wiki kuna mtu ananifuata inboksi kuniuliza, "Boss, nimeona grupu linatoa ishara za kununua na kuuza, niingie?" Kabla hujaingia, soma hii mpaka mwisho. Ni ndefu kidogo, ila itakuokolea hela.

Mimi nimeishia kidato cha nne. Mambo ya hisa sikufundishwa darasani, nimejifunza kwa vitabu, kwa video na kwa kupigwa. Kwa hiyo nitaeleza kama ninavyomweleza mwenzangu dukani.

ILIVYOANZA

Mwaka juzi nilikuwa na sh 1,200,000 niliyoitenga kwa ajili ya mzigo wa Idi. Ilikuwa imebaki miezi mitano, nikaona hela imelala tu. Nikapakua programu moja ya simu ya kununua hisa, nikajifunza kitu kimoja kinachoitwa wastani wa bei, nikajiona nimeshakuwa mtaalamu. Bei ikivuka wastani kwenda juu, nanunua. Ikishuka chini ya wastani, nauza. Rahisi kama kukaanga yai.

Miezi minne baadaye nilikuwa nimenunua mara 11 na kuuza mara 11. Salio: sh 740,000. Laki 4 na 60 imekwenda. Na siyo kwamba niliibiwa au kampuni ilifilisika. Hela iliondoka kidogo kidogo, leo elfu 20, kesho elfu 35, kama maji kwenye ndoo iliyotoboka.

Idi ikafika, mzigo niliochukua ni nusu. Wateja wanauliza viatu vya watoto, sina. Dada jirani yangu wa duka akauza mpaka akafunga saa nne usiku. Mimi saa mbili nilikuwa nimeshakaa nje nakunywa kahawa.

Hapo ndipo mteja wangu mmoja, mzee mstaafu ambaye aliwahi kuwa mhasibu, alinikuta na daftari langu. Nikamwamkia, "Shikamoo mzee," akaitikia, akaketi, akaomba alione. Akalipitia taratibu, kisha akasema, "Mwanangu, humu kuna mtu mmoja tu aliyepata faida kila siku. Dalali." Halafu akaniuliza swali ambalo sikuwa na jibu lake: "Hasara hizi zote ni za aina moja?"

Swali hilo ndilo lililonifundisha kusafisha mfumo. Twende nalo.

KWANZA, TUELEWE ISHARA INATOKAJE

Wastani wa siku 5 ni kitu kidogo tu. Unachukua bei za kufunga za siku 5 za mwisho, unazijumlisha, unagawa kwa 5. Kesho unatoa ya zamani kabisa, unaingiza mpya. Ndiyo maana unasogea na bei. Wengine wanatumia siku 20, 50 au 200. Wakubwa wa soko wana jina hadi la ule wastani wa siku 50 unapovuka juu ya wastani wa siku 200: wanauita msalaba wa dhahabu. Jina zuri, lakini ni hesabu ileile.

Sasa chukua kalamu. Hisa ya mfano ina bei hizi za kufunga:

Siku ya 1: sh 500
Siku ya 2: 505
Siku ya 3: 510
Siku ya 4: 505
Siku ya 5: 515

Jumla ni 2,535, wastani 507. Bei ni 515, iko juu. Ishara: NUNUA kwa 515.

Siku ya 6 bei 520, wastani 511. Bado uko ndani, unatabasamu.
Siku ya 7 bei 505, wastani 511. Imeshuka chini. UZA kwa 505.
Siku ya 8 bei 515, wastani 512. NUNUA tena kwa 515.
Siku ya 9 bei 505, wastani 512. UZA kwa 505.

Umepoteza sh 10 mara mbili, yaani sh 20 kwa kila hisa. Kama ulinunua hisa 1,000, ni elfu 20. Sasa weka ada. Tuseme kila ukinunua au ukiuza unakatwa 1.5%. Kununua kwa 515,000 ni ada ya sh 7,725. Kuuza kwa 505,000 ni sh 7,575. Mzunguko mmoja ni 15,300, miwili ni 30,600. Jumla ya hasara: sh 50,600.

Angalia tena hapo juu. Hisa ilianza 500 ikamaliza 505. Yaani imepanda! Aliyenunua siku ya kwanza akalala hajapoteza kitu kwenye bei, wewe uliyefuata ishara kwa nidhamu umepoteza elfu 50.

Huu ndio ugonjwa mkubwa wa mifumo inayofuata mwelekeo. Bei ikiwa na safari ndefu, juu au chini, mfumo unakula vizuri. Bei ikicheza palepale, mfumo unakuchapa huku na huku.

HATUA YA 1: PANGA HASARA ZAKO KWENYE MAFUNGU

Kosa la wengi wetu ni kwamba tukipata hasara tunabadilisha kila kitu. Leo wastani wa siku 5, kesho siku 9, keshokutwa tunaongeza mistari mitatu ya rangi. Ni kama mauzo yameshuka halafu unabadilisha jina la duka bila kujua wateja wanalalamikia usafirishaji.

Mimi nilikaa na daftari usiku mmoja, nikapanga hivi:

• Ada za kununua na kuuza: sh 210,000.
• Hasara 5 za bei kucheza palepale: sh 160,000.
• Hasara 2 ambapo ishara ya kuuza ilikuja, mimi nikakataa kuuza nikisema "itarudi": sh 230,000.
• Faida 4 nilizopata: sh 140,000.

Jumlisha hasara utapata laki 6. Toa 140,000, inabaki 460,000. Hesabu ikakubali.

Kumbe mfumo wenyewe haukuwa adui mkubwa. Fungu kubwa kuliko yote ni mimi kukaidi ishara ya kuuza mara mbili tu. Fungu la pili ni ada, kwa sababu nilikuwa nanunua na kuuza sana. Bei kucheza ikawa ya tatu. Kila fungu lina dawa yake.

HATUA YA 2: IPE ISHARA YA KUNUNUA NAFASI YA KUPUMUA

Dawa ya bei inayocheza ni kutokubali kila ishara. Zipo njia tatu za kawaida.

Njia ya kwanza ni kuweka kizingiti. Badala ya kununua bei ikivuka wastani tu, unasema lazima ivuke kwa 2%. Rudi kwenye mfano wetu. Siku ya 5 wastani ni 507, ukiongeza 2% unapata kama 517. Bei ni 515, haijafika. Siku ya 6 ilitakiwa ivuke 521, imefika 520. Siku ya 8 ilitakiwa 522, imefika 515. Maana yake hukununua hata mara moja. Elfu 50 yako iko mfukoni.

Lakini hakuna cha bure. Tuseme siku ya 6 bei ni 520, halafu siku ya 7 badala ya kushuka ikaruka mpaka 530. Wastani unakuwa 516, kizingiti 526, hapo ndipo unanunua. Mwenzako asiye na kizingiti alinunua kwa 515, wewe kwa 530. Hiyo sh 15 ndiyo bei ya kusubiri uhakika. Ukiweka kizingiti kikubwa sana utakuwa unafika harusini watu wanakunja mikeka.

Njia ya pili ni kusubiri siku. Bei ifunge juu ya wastani siku 2 au 3 mfululizo ndipo ununue. Gharama yake ni ileile, unachelewa.

Njia ya tatu ni kuangalia mwelekeo mkubwa kwanza. Unanunua kwa ishara ya wastani mfupi pale tu bei ikiwa juu ya wastani wa siku 200. Ni sawa na kuuliza kama msimu umefika kabla ya kuagiza sweta. Hii inakuondoa kwenye ishara nyingi za kununua zinazotokea katikati ya mporomoko mrefu, bei ikiruka kidogo kisha ikaendelea kushuka.

Mimi nilichukua ya kwanza na ya tatu.

Hapa niwaonye kitu. Watu wengi wakitaka uhakika wanaongeza viashiria. Kuna RSI, ambayo Welles Wilder aliitoa kwenye kitabu chake mwaka 1978. Inakwenda kutoka 0 hadi 100, na mazoea ni kwamba juu ya 70 bei imepanda kwa kasi sana, chini ya 30 imeshuka sana. Ni kifaa kizuri, lakini bei ikiwa na safari ndefu ya kupanda, RSI inaweza kukaa juu ya 70 muda mrefu na bei ikaendelea tu. Ukiuza kila ikigusa 70 utashuka kwenye basi kituo cha pili.

Halafu kumbuka, wastani, RSI na vingi vya aina hiyo vyote vinakokotolewa kutoka kwenye bei ileile. Vikikubaliana vitatu usifikiri una mashahidi watatu. Ni mtu mmoja amewasimulia watatu. Ukitaka shahidi mwingine, angalia idadi ya hisa zilizouzwa siku hiyo. Bei ikivuka huku hisa nyingi zikibadilisha mikono, uzito ni tofauti na bei iliyosogezwa na mnunuzi mmoja.

HATUA YA 3: ISHARA YA KUUZA IANDIKWE KABLA HUJANUNUA

Hili ndilo fungu langu la laki 2 na 30, kwa hiyo nisikilize vizuri.

Nikupe kisa cha kweli kinachojulikana sana. Mwaka 1983 kule Chicago, Marekani, mfanyabiashara wa masoko Richard Dennis alibishana na mwenzake William Eckhardt. Dennis alisema kazi hii inafundishika. Eckhardt aliona mtu anazaliwa nayo. Wakaweka tangazo magazetini, wakachagua watu wachache, wakawafundisha kama wiki mbili, kisha Dennis akawapa hela zake wafanyie kazi. Kundi hilo likaitwa Turtles, yaani kasa. Walifanya biashara ya mikataba ya bidhaa na fedha, siyo hisa hasa, lakini sheria zao zinasomeka vizuri hata kwetu.

Sheria yao moja: nunua bei ikipita kilele cha siku 20 zilizopita. Toka bei ikishuka chini ya bei ya chini kabisa ya siku 10. Umeona? Mlango wa kuingia ni wa siku 20, wa kutoka ni wa siku 10. Siyo lazima ishara ya kuuza iwe kinyume cha ishara ya kununua. Unaweza kuwa mgumu kuingia na mwepesi kutoka.

Walikuwa pia na chujio. Kama ishara iliyopita ya siku 20 ingekuletea faida, waliiruka inayofuata. Na ili wasiachwe na safari kubwa, walikuwa na ishara ya akiba: bei ikipita kilele cha siku 55, wanaingia tu. Yaani walipochuja, waliacha dirisha moja wazi.

Tena kila walipoingia walikuwa na kikomo cha hasara. Walipima kwanza bei huwa inatembea kiasi gani kwa siku, wakachukua wastani wa siku 20, wakaupa jina N. Kikomo kilikuwa N mbili kutoka bei ya kununulia. Kwa mfano wetu, kama hisa huwa inatembea wastani wa sh 15 kwa siku na umenunua 530, kikomo ni sh 30 chini, yaani 500. Akili yake ni kwamba hisa yenye mawimbi makubwa unaipa nafasi kubwa, hisa tulivu unaipa nafasi ndogo. Ukiweka sh 10 kwa hisa inayotembea 15 kila siku, utatolewa na upepo wa kawaida tu.

Lakini kikomo siyo ukuta. Tarehe 19 Oktoba 1987 soko la Marekani lilianguka kwa siku moja, kipimo cha Dow Jones kikashuka 22.6%. Siku kama hiyo uliandika utauza kwa 500, na mnunuzi wa kwanza anayepatikana anatoa 430. Ndiyo maana kuna hatua inayofuata.

HATUA YA 4: KIASI CHA KUNUNUA NI SEHEMU YA ISHARA

Mimi nilikuwa naweka karibu mtaji wote kwenye hisa moja. Ishara moja mbaya, natetemeka wiki nzima. Na mtu anayetetemeka hauzi kwa wakati, anaanza kuomba bei irudi.

Sasa hivi naanza na swali: nikikosea, napoteza kiasi gani? Wengi wanatumia 2% ya mtaji kwa ununuzi mmoja. Una sh 1,000,000, basi hasara ya juu unayoikubali ni 20,000. Unanunua kwa 530, kikomo 500, hatari ni sh 30 kwa hisa. Gawa 20,000 kwa 30, unapata hisa 666. Mara 530 ni sh 352,980. Hiyo ndiyo hela unayoweka, siyo milioni nzima. Ada zitaongeza hasara kidogo, kwa hiyo punguza hisa chache hapo.

Kwa nini hili ni muhimu? Ukipoteza 20% unahitaji faida ya 25% kurudi ulipokuwa. Ukipoteza 50% unahitaji 100%. Shimo likiwa refu, ngazi inakuwa ndefu zaidi.

HATUA YA 5: ANGALIA SOKO LENYEWE LINAUZIKA?

Wadau wa nyumbani, hapa ndipo vitabu vya Marekani vinaweza kutudanganya. Soko la Hisa la Dar es Salaam lilianza biashara Aprili 1998, na kampuni ya kwanza kuorodheshwa ilikuwa TOL. La Nairobi ni la zamani zaidi, tangu 1954. Ni masoko ya kweli, lakini siyo kila kampuni inauzwa kwa wingi kila siku. Zipo hisa zinazoweza kupita siku kadhaa bila mtu kununua.

Sasa fikiria wastani wa siku 20 wa hisa ambayo imeuzwa siku 4 tu kati ya hizo. Huo wastani unakuambia nini? Karibu hakuna. Bei inakaa 500, 500, 500, halafu mtu mmoja mwenye shida ya ada ya shule anauza kwa 480, programu yako inawaka nyekundu. Hiyo siyo ishara ya soko, ni shida ya mtu mmoja.

Kwa hisa za namna hiyo fanya haya. Tumia bei za wiki badala ya siku. Angalia tofauti kati ya bei anayotaka muuzaji na anayotoa mnunuzi, maana nayo ni gharama hata kama haijaandikwa kwenye risiti. Na jiulize, hisa zangu nikitaka kuziuza kesho, kuna mtu wa kuzichukua? Kama hakuna, ishara ya kuuza ni pambo tu.

HATUA YA 6: PIMA KWENYE BEI ZA ZAMANI, LAKINI USIJIDANGANYE

Kabla ya kuweka hela nilichukua bei za miaka iliyopita, nikaziingiza kwenye Excel, nikafuata sheria zangu siku baada ya siku. Zoezi hili ni zuri sana, ila lina mitego mitatu.

Mtego wa kwanza: kuchungulia majibu. Bei ya kufunga unaijua soko likishafunga. Huwezi kuona ishara jioni halafu ukajihesabia umenunua kwa bei ya jioni hiyohiyo. Mfano wangu wa hapo juu nimeurahisisha, lakini wewe ukipima weka bei ya siku inayofuata.

Mtego wa pili: kushona nguo ya mtu mmoja. Unajaribu siku 5, siku 6, siku 7, unafika siku 17 unaona faida imejaa. Unashangilia. Jaribu 16 na 18. Kama huko kuna hasara, hiyo 17 ni bahati tu, imekaa vizuri kwenye mwili wa bei zilizopita na bei zijazo hazina mwili huo. Namba nzuri ni ile ambayo majirani zake pia wanafanya vizuri. Pia gawa bei zako, theluthi mbili za kutengenezea mfumo, theluthi ya mwisho usiiguse kabisa mpaka umalize. Ukifeli kwenye theluthi ya mwisho, umefeli. Usirudi kurekebisha mpaka ifaulu, hapo utakuwa umeshaichungulia.

Mtego wa tatu: kupima kampuni zilizo hai tu. Zile zilizokufa na kuondolewa sokoni hazipo kwenye orodha yako, kwa hiyo matokeo yanapendeza kuliko ukweli.

Na ukipima usihesabu umeshinda mara ngapi. Hesabu wastani wa kila biashara. Mfumo wa kwanza kati ya mara 10 unashinda 4 kwa elfu 60, unapoteza 6 kwa elfu 25. Ni 240,000 kutoa 150,000, faida elfu 90. Mfumo wa pili unashinda 7 kwa elfu 15, unapoteza 3 kwa elfu 50. Ni 105,000 kutoa 150,000, hasara elfu 45. Unaoshinda mara nyingi ndio unaokuua. Kwa hiyo mtu akikuambia ishara zake "zinapatia 70%", muulize zikikosea zinakosea kwa kiasi gani.

Jambo la mwisho kwenye kupima: badilisha kitu kimoja kwa wakati. Ukiweka kizingiti na kikomo na chujio siku moja, hutajua kipi kimesaidia.

NIKO WAPI SASA?

Sitaki nikudanganye kwamba nimetajirika. Nilifanya miezi mitatu kwenye karatasi bila hela. Kisha nikarudi na sh 300,000 ambayo siyo ya duka, siyo ya kodi, siyo ya ada ya mdogo wangu. 2% yake ni sh 6,000. Ndani ya miezi 6 ya mwanzo nilinunua mara 3 tu. Mbili ziligonga kikomo, nikapoteza kama elfu 6 kila moja. Ya tatu iliendelea kushikilia. Zamani elfu 6 nilikuwa napoteza kabla ya chai ya saa nne.

Faida kubwa niliyopata ni kwamba ishara ya kuuza ikija nauza. Siulizi mtu, siingii kwenye grupu kutafuta wa kunifariji.

Kuhusu hayo magrupu ya kuuza ishara: kama anakupa bei ya kununua bila kukuambia kikomo cha hasara, bila kiasi cha kuweka, na bila rekodi ya hasara zake, hicho siyo mfumo, ni kelele. Na kabla ya kumpa dalali yeyote hela, hakikisha amesajiliwa. Tanzania msimamizi ni Mamlaka ya Masoko ya Mitaji na Dhamana, Kenya ni Mamlaka ya Masoko ya Mitaji ya kwao. Kuuliza ni bure.

NA KWENYE DUKA LAKO JE?

Hata kama hisa hutaki kuzisikia, chukua hili. Sisi wauza mtandaoni tunaishi kwa ishara kila siku. Watu 30 wameuliza bei ya kiatu kwenye status, unakimbilia kuagiza pea 100. Wangapi wamelipa? Walioulizia ni bei iliyogusa wastani. Waliolipa ndio waliovuka kizingiti.

Weka sheria kabla ya mzigo kufika: nitaagiza tena wakilipa watu kadhaa ndani ya wiki moja, na zikifika wiki 5 haijaisha nashusha bei hata kama roho inauma. Usiweke mtaji wote kwenye bidhaa moja. Andika daftari, na mwisho wa msimu panga hasara kwenye mafungu: usafiri, mzigo uliolala, mikopo ya wateja. Ndipo utajua dawa.

Mwaka huu mzigo wa Idi niliagiza kamili, na hela yake sikuigusa tangu nilipoitenga. Yule mzee alikuja kununua kobazi, nikampa daftari jipya alione. Akafungua ukurasa wa ada, akacheka, akasema, "Dalali wako sasa atakuchukia."

Haya mdau, zamu yako. Kwenye hasara zako za mwaka huu, fungu kubwa kuliko yote ni lipi? Andika kwenye komenti, tusaidiane. Na kama una mwenzako yuko kwenye yale magrupu ya ishara, mtumie hii kabla hajaweka hela ya mzigo.